UZI: Törbel, kijiji cha Alpi ambako hei ya majira ya baridi iliamua idadi ya ng'ombe wa kiangazi

#1 Mlima_na_Bonde

Salaam wanajukwaa. Alpi tunazozijua wengi wetu ni zile za hoteli na watu wanaoteleza kwenye theluji. Naomba hizo tuziache, tuongelee kijiji kimoja tu: Törbel, jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, upande unaosema Kijerumani. Kiko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kimeng'ang'ania mteremko juu ya bonde la mto Vispa. Mtafiti Mmarekani Robert Netting alikichunguza miaka ya 1970, akakuta watu wapatao 600 na hati za ardhi zinazorudi nyuma hadi mwaka 1224. Kazi yake ndiyo iliyompa Elinor Ostrom mmoja wa mifano mikuu katika hoja yake kuhusu mali ya pamoja, hoja iliyompatia Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009.

Kilichonivuta ni kanuni moja ya mwaka 1517: mwanakijiji asipeleke malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi.

Isome taratibu. Kiangazi, majani ya mlimani ni ya wote. Baridi, ng'ombe yuko zizini anakula hei, yaani majani makavu, iliyokatwa kwenye shamba la mwenyewe. Shamba lako binafsi ndilo linalopima sehemu yako katika mali ya wote. Mwenye fedha hawezi kushuka sokoni mwezi wa sita, akanunua ng'ombe ishirini, akawanenepesha kwa majani ya kijiji na kuwauza mwezi wa tisa. Njia hiyo imezibwa kwa sentensi moja, bila kuhitaji mizani wala mpimaji kutoka mjini.

Tarehe 1 Februari 1483, miaka 34 kabla ya kanuni hiyo, wanakijiji walikuwa wameshawekeana mkataba wa chama cha kusimamia malisho ya juu, misitu na ardhi isiyolimwa. Mkataba ule ulisema wazi kwamba mgeni akinunua shamba Törbel, kununua huko hakumpi haki ya malisho wala ya kukata mti. Wenyeji ndio waliokuwa na uamuzi wa kumpokea au kumkataa. Kufikia mwaka 1507 mipaka kati ya ardhi ya watu binafsi na ya jumuiya ilikuwa imeshaandikwa.

Usimamizi ulikuwa mikononi mwa ofisa wa kijiji aitwaye Gewalthaber. Alimtoza faini aliyezidisha ng'ombe, na nusu ya faini ilikuwa yake. Chama kilikutana mara moja kwa mwaka kuchagua viongozi, kuajiri wachungaji wa mlimani, kupanga nani atasambaza mbolea ya samadi kule juu na nani atatengeneza njia na vibanda vilivyovunjwa na maporomoko ya theluji. Kazi hiyo ya pamoja wao huiita Gemeinwerk. Kwa Kiswahili chetu cha Upareni na Usambara ni msaragambo, na sidhani kuna neno jingine linaloipata vizuri zaidi. Mzigo wa kazi uligawanywa kufuata idadi ya ng'ombe: mwenye wengi alitoa siku nyingi.

Karibuni. Anayejua maji, jibini, misitu au sheria za huko aongeze.

#2 Mfugaji_Kinangop

Asante kwa uzi, mkuu. Swali langu ni la mfugaji. Hiyo kanuni inasomeka vizuri kwa karatasi, lakini itasimamiwaje? Mtu anaweza kusema ana hei ya ng'ombe sita na anayo ya watatu. Hei haihesabiki kama magunia ya mahindi. Na nini kinamzuia kununua hei kwa jirani?

#3 Mlima_na_Bonde

Swali zuri sana, ndugu yangu. Jibu ni kwamba hawakuihesabu hei, walihesabu ng'ombe. Aliyevuka baridi ndani ya zizi lako, kila jirani amemwona. Hakuna pa kumficha mnyama wa kilo 500 kwa miezi sita kwenye kijiji chenye nyumba zilizobanana vile. Siku ng'ombe wakipanda mlimani wanahesabiwa mara moja, na hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika vuli kugawa jibini. Kwa hiyo kila mwenye haki ana sababu ya kusimama pale na kuangalia ng'ombe wa mwenzake: akizidisha yeye, jibini yangu inapungua. Nusu ya faini kwenda kwa msimamizi ni nyongeza tu.

Kuhusu kununua hei, piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 500 anakula hei kavu kilo 12 hadi 15 kwa siku. Kwa urefu wa Törbel anakaa ndani kama siku 200. Hiyo ni tani mbili na nusu hadi tatu kwa ng'ombe mmoja. Kabla ya barabara ya magari, tani tatu kupandishwa kutoka bondeni zilikuwa mizigo ya mgongoni ya kilo 50, safari 60, kwenye njia ya kupanda mita mia kadhaa. Kwa ng'ombe mmoja! Hakuna aliyefanya hivyo kwa faida.

Hata ndani ya kijiji hawakuisafirisha hei kama wangeweza kuepuka. Mashamba ya majani yalitawanyika mteremko mzima, na kila kundi la mashamba lilikuwa na banda lake, hei juu, ng'ombe chini. Hei ya banda la kwanza ikiisha, ng'ombe anatembezwa hadi banda la pili, akimaliza la pili anakwenda la tatu. Anakwenda kwa miguu yake, na samadi anaiacha palepale penye shamba litakaloihitaji. Mchungaji ndiye aliyekwenda kwa miguu alfajiri na jioni, kwenye theluji, kumnywesha na kumkamua. Msafiri anayeona mabanda meusi ya mbao yametapakaa mlima mzima anaweza kudhani kila banda lina mwenye wake. Si hivyo. Banda moja laweza kuwa na wenye wanne, kila mmoja ana robo yake, na robo hiyo inarithiwa, inauzwa na kugawanywa tena.

Sababu ni urithi. Törbel watoto wote, wa kike na wa kiume, hugawana sawa. Baada ya vizazi kadhaa familia inakuwa na vipande vingi vidogo. Wataalamu wa kilimo wa mijini hulaani jambo hili, na kwa trekta wana haki. Lakini kwa kwanja na mgongo lilikuwa na maana yake: vipande vya chini hukauka mapema, vya juu hukawia, kwa hiyo kazi ya kukata inasambaa wiki nyingi badala ya kuangukia siku tatu, na mvua ya mawe ikipiga upande mmoja, upande mwingine umebaki.

#4 Fundi_Jibini

Naongezea hei kidogo kabla sijaingia kwenye maziwa, maana wafugaji wengi huku kwetu siku hizi wanafunga hei na makosa ni yaleyale.

Hei ikiingia ghalani na unyevu zaidi ya asilimia 20 inaanza kujipasha moto yenyewe. Bakteria na kuvu wanapumua, joto linanaswa katikati ya lundo. Zima moto wa Uswisi wanafundisha kupima kwa fimbo ya kipimajoto: chini ya nyuzi 55 hakuna hatari, kati ya 55 na 70 pima mara kwa mara, ikivuka 70 waite zima moto kabla ya kugusa lundo. Ukilifungua peke yako hewa inaingia na moto unalipuka usoni. Kijiji cha mbao kilichobanana kama Törbel hakivumilii kosa hilo hata mara moja.

Sasa jibini. Mlimani, Moosalp (malisho ya juu ya Törbel) na kwingineko, juu ya mita 2,000, maziwa hayawezi kuteremshwa kila siku, hivyo yanageuzwa papo hapo. Mpangilio ni huu:

Maziwa ya jioni yanalazwa sehemu ya baridi, asubuhi yanachanganywa na ya alfajiri kwenye sufuria kubwa la shaba. Sufuria limening'inizwa kwenye mkono wa mbao unaozunguka, ili ulitoe motoni kwa kusukuma tu. Moto wa kuni huwezi kuuzima kwa swichi. Pasha hadi nyuzi 32. Tia reneti, ile dawa ya kugandishia itokayo kwenye tumbo la ndama, kisha usiguse kwa dakika 30 hadi 40. Jaribu kwa kuinua kipande na mwiko: kikipasuka wazi na maji yake yakawa ya kijani-njano na safi, tayari. Yakiwa meupe, subiri. Ukikata mapema mafuta yanakimbilia kwenye maji na huyapati tena.

Kata kwa kinubi cha nyuzi za waya hadi punje zilingane na mahindi. Koroga huku ukipandisha joto polepole hadi nyuzi 40 hivi. Haraka hapa ni kosa, maana punje inajifunga ngozi nje na kubaki na maji ndani, na jibini yake itachacha na kupasuka. Halafu ingiza kitambaa chini ya punje, inua zote, tia kwenye kalibu ya duara, kandamiza, geuza mara kadhaa. Kesho yake ni maji ya chumvi, kisha rafu za mbao kwenye chumba cha nyuzi 10 hadi 13 chenye unyevu mwingi. Wiki za kwanza unaisugua kila siku kwa maji ya chumvi, kila moja, pande zote. Lita kumi za maziwa hutoa kama kilo moja. Jibini ya Raclette ya Valais ni duara la kilo tano hivi na hukaa angalau miezi mitatu.

Inaharibika wapi? Ikivimba ndani ya siku mbili na kujaa vitundu kama sponji, ni uchafu wa kukamulia: mikono, chuchu, ndoo. Ikivimba baada ya wiki kadhaa na kunuka vibaya, ni bakteria wa chakula kilichochachushwa. Ndiyo sababu wenye jibini ya maziwa mabichi hawataki ng'ombe wao waguse saileji, yaani majani yaliyochachushwa. Hilo la pili linauma zaidi, kwa sababu unaligundua wakati maziwa ya msimu mzima yameshakuwa jibini.

#5 Mfugaji_Kinangop

Hii imenisaidia. Ila kugawa jibini kwa idadi ya ng'ombe naona si haki. Ng'ombe wangu akitoa lita 14 na wako lita 5, tunapata sawa?

#6 Fundi_Jibini

Vijiji vingine vya Valais viliona hivyohivyo, vikatumia upimaji wa siku maalumu: siku moja au mbili katika msimu, wenye ng'ombe wanapanda wote, kila mmoja anakamua au anashuhudia ng'ombe wake akikamuliwa, maziwa yanapimwa, na uwiano wa siku hiyo unagawa jibini ya msimu mzima.

Kila njia ina mwanya wake. Ukigawa kwa vichwa, mtu hana sababu ya kuleta ng'ombe bora, anamleta aliyekaribia kukauka. Ukigawa kwa kipimo cha siku moja, ng'ombe akiwa joto au mgonjwa siku hiyo umepoteza msimu. Faida ya vichwa ni kwamba haihitaji karani. Na ng'ombe wa kule wa asili, Eringer, mweusi au kahawia iliyokolea, mfupi na mwenye misuli, hakufugwa kwa maziwa peke yake. Maziwa yake si mengi, tofauti kati ya mmoja na mwingine haikuwa kubwa kama ya ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Huyo ndiye ng'ombe anayepigana siku ya kupanda mlimani ili apatikane malkia wa kundi. Majike kwa majike, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke aondoke.

#7 Mfereji_na_Lango

Bila maji hei yote hiyo haipo, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Watu wanadhani Alpi ni mvua tupu. Bonde la Vispa ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi Uswisi, karibu milimita 600 kwa mwaka pale chini, kwa sababu milima mirefu kaskazini na kusini inakamua mawingu kabla hayajafika. Dodoma inapata kiasi hichohicho. Tofauti ni kwamba juu yao kuna barafu inayoyeyuka kiangazi chote, wakati majani yanapohitaji maji. Kazi ni kuyaleta tu.

Mfereji wa kuyaleta, wasemao Kijerumani wa Valais wanauita Suone, wasemao Kifaransa wanauita bisse. Unaanzia kwenye kijito cha barafu juu kabisa na kufuata mteremko kilomita kadhaa. Mwinamo ndio roho yake: ukiwa mkali maji yanakula kingo, ukiwa mdogo mchanga unatuama na mfereji unajaa. Penye udongo unachimbwa na kujengewa ukingo wa mawe na majani. Penye jabali wanatoboa mwamba, wanachomeka boriti, na juu yake wanalaza magogo ya lachi yaliyochongwa kama mtumbwi. Lachi ni mti wenye utomvu, hauozi haraka majini. Watu walikufa kwenye sehemu hizo za jabali, si wachache.

Mwezi wa nne hivi ni msaragambo: kufukua, kuziba, kubadilisha magogo. Kisha maji yanaingizwa polepole sana. Udongo umekauka miezi sita, una nyufa. Ukifungua lango lote kwa mara moja, maji yanaingia kwenye nyufa na ukingo unaondoka na shamba la mtu chini yake. Maji ya barafu yana unga laini wa mwamba, na unga huo wenyewe unaziba nyufa ukipewa siku chache. Mlinzi wa mfereji anatembea nao kila siku. Akiwa mbali anasikiliza: kwenye mfereji kuna gurudumu dogo linalozungushwa na maji na kuinua nyundo ya mbao inayopiga ubao, tok, tok, tok, mchana na usiku. Nyundo ikinyamaza, mfereji umepasuka mahali. Nauheshimu sana ufundi huu, kengele ya hatari inayolia kwa kunyamaza.

Zamu: haki ya maji ilihesabiwa kwa saa, na mzunguko mzima ulirudi kwako baada ya siku kadhaa au wiki mbili tatu kutegemea kijiji. Kumbukumbu iliwekwa kwenye vijiti vya mbao, Tesseln, vyenye chapa ya kila familia upande mmoja na mikato ya saa upande mwingine. Asiyejua kusoma aliisoma haki yake kwa kidole. Zamu yako ikifika, hata saa nane za usiku, unakwenda na bamba la jiwe au chuma, unalichomeka mferejini, maji yanamwagika shambani kuanzia juu. Ukipitiwa na usingizi maji yanakupita yanakwenda kwa jirani na hakuna fidia.

Mtu wa Kilimanjaro akisoma hapa ataona mifongo ya Wachaga mstari kwa mstari: chanzo cha juu, mwinamo mdogo, zamu, msaragambo wa kufukua. Hawakuigana. Mlima mrefu wenye maji juu na mashamba chini unadai mambo yaleyale. Desemba 2023, kikao cha UNESCO kilichofanyika Kasane, Botswana, kiliingiza umwagiliaji huu wa jadi wa Uswisi na nchi nyingine sita za Ulaya kwenye orodha ya urithi usioshikika. Mifongo nayo inastahili faili lake.

#8 Wakili_wa_Kijiji

Nimesoma kwa makini, na yote mliyoandika nayakubali, lakini nataka tuandike na bei iliyolipwa. Mkataba wa 1483 unasifiwa kwa kulinda malisho. Uliyalinda kwa kumfungia mlango mgeni. Haki hiyo haikununulika, ilirithiwa. Mpaka leo Uswisi ina vyombo viwili mahali pamoja: manispaa ya wakazi wote, na Burgergemeinde, jumuiya ya wenye asili, ambayo mara nyingi ndiyo inayomiliki misitu na malisho. Unaweza kuishi kijijini miaka 40, ukalipa kodi na kuzika wazazi pale, na bado msitu si wako.

Bei ya pili walilipa wenyewe. Kama ng'ombe wanahesabiwa kwa hei, na hei kwa mashamba, na mashamba hayaongezeki, basi watu nao lazima wapimwe. Walioa na kuolewa wamechelewa, wengi hawakuoa kabisa. Ndugu wa kiume na wa kike walizeeka pamoja nyumba moja bila watoto, na mafungu yao yakarudi kwa watoto wa ndugu. Hilo ndilo lililozuia urithi wa sawa kwa sawa usiyakatekate mashamba hadi kubaki na upana wa jamvi. Viazi vilipoenea watu wakaongezeka, karne ya 19 wengine wakaondoka. Watu wa Valais walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa koloni la San José, mkoa wa Entre Ríos, Argentina, mwaka 1857. Mfumo uliodumu karne tano ulidumu pia kwa sababu ulikuwa na mlango wa kutokea.

#9 Mlima_na_Bonde

Wakili, nakubali kuhusu bei, ila sikubali kwamba mlango wa mgeni ungeweza kuachwa wazi. Kanuni ya 1517 inafanya kazi kwa sababu wahesabuji wanajuana na watakuwepo mwaka ujao. Mwenye mtaji wa nje angenunua mashamba kumi ya hei na kwa kanuni ileile angepata haki ya ng'ombe kumi, kisheria kabisa, halafu msaragambo angewaachia wengine.

#10 Wakili_wa_Kijiji

Basi ungetosha mkataba unaosema: asiyefanya kazi, ng'ombe wake hapandi. Hapana haja ya kuuliza babu yake alizaliwa wapi.

#11 Bi_Tabasamu

Ndugu zangu, mnasema "wanakijiji waliamua" kana kwamba wote waliketi. Wanawake walikata majani, walikamua, walibeba hei, walimwagilia usiku, na walirithi sawa na kaka zao. Lakini kura hawakuwa nayo.

Mahali ukuta huo ulipopasuka ni hukohuko Valais ya Kijerumani, kijiji cha Unterbäch, upande wa pili wa mlima kutoka Törbel. Mwaka 1957 Uswisi ilipanga kura ya taifa ya kuwalazimisha wanawake kutumikia ulinzi wa raia. Wanawake wangebebeshwa wajibu kwa kura ya wanaume tu. Halmashauri ya Unterbäch, ikiongozwa na Paul Zenhäusern, ikaamua wanawake wa kijiji wapige kura hiyo. Tarehe 3 Machi 1957 wanawake 33 walipiga, wa kwanza akiwa Katharina Zenhäusern, mke wa kiongozi huyo. Kura zao ziliwekwa sanduku la peke yake na ngazi za juu hazikuzihesabu. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa mwaka 1971, miaka kumi baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Na ongezeni tanuri la mkate kwenye orodha yenu ya mali ya pamoja. Rai, nafaka jamaa ya ngano, ilistahimili miteremko ile. Ghala la rai, Stadel, linasimama juu ya miguu ya mbao, na kati ya mguu na ghala kuna bamba pana la jiwe la duara: panya anapanda mguu, anakuta dari, anarudi. Shamba lenyewe lilishuka. Kila mwaka udongo huteleza kidogo, hivyo masika waliuchota kwenye tuta la chini kabisa, wakaupandisha juu kwa vikapu mgongoni. Tanuri la kijiji liliwashwa mara chache tu kwa mwaka, kwa sababu ya kuni. Familia zilioka kwa kupokezana usiku na mchana, na nani aanze iliamuliwa kwa kura ya bahati nasibu, maana wa kwanza anakuta tanuri baridi na anamaliza kuni nyingi kuliko wote. Mikate ilikaushwa kwenye rafu zinazoning'inia na kuliwa kwa miezi, ikikatwa kwa kisu chenye bawaba, kama kile cha kukatia majani ya ng'ombe, kwani kisu cha kawaida hakikuingia.

#12 Mfereji_na_Lango

Dada umenikumbusha kuni, na kuni ni msitu. Törbel, viongozi wa kijiji ndio waliotia alama miti ya kukatwa, kisha ikagawiwa kwa kura ya bahati nasibu kwa makundi ya kaya. Hakuna kaya iliyojichagulia mti. Sehemu nyingine za msitu zilikuwa marufuku kabisa: ule ulio juu ya nyumba. Mti uliosimama unashikilia theluji isianze kuteleza. Ikishaanza, mti hauizuii tena. Bonde la Ursern lenye kijiji cha Andermatt lina hati ya marufuku hiyo ya mwaka 1397.

Lakini kuna yasiyozuilika kwa msitu. Blatten, bonde la Lötschental, hukohuko Valais: Mei 2025 mawe yalianza kuanguka kutoka mlima Kleines Nesthorn juu ya mto wa barafu wa Birch. Uzito wa mawe ukaisukuma barafu. Tarehe 19 Mei watu wapatao 300 waliondolewa, hata mifugo ikatolewa. Tarehe 28 Mei barafu na mawe vikashuka pamoja na kufunika sehemu kubwa kabisa ya kijiji, kisha mto Lonza ukazibwa na maji yakazamisha nyumba nyingi zilizobaki. Mtu mmoja alikufa. Bila zile siku tisa ingekuwa idadi nyingine. Waliokoka kwa sababu kulikuwa na watu wanaoutazama mlima kila siku na wakazi waliotii walipoambiwa tokeni leo.

#13 Mfugaji_Kinangop

Swali la mwisho kutoka kwangu. Leo je? Bado kanuni ya 1517 ina kazi? Nasikia vijana wote wameshuka.

#14 Mlima_na_Bonde

Walianza kushuka muda mrefu, bwana. Kiwanda cha kemikali cha Lonza pale Visp kiliwapa wanaume wa vijiji vya juu mishahara tangu mwanzo wa karne ya 20. Wengi walibaki wakulima nusu, wafanyakazi nusu: zamu kiwandani, kisha kwanja jioni. Baadaye likaja basi, halafu ng'ombe wakapungua.

Kwa hiyo tatizo limegeuka. Kanuni iliandikwa dhidi ya ng'ombe wengi mno, leo malisho mengi ya Alpi yana ng'ombe wachache mno. Serikali inalipa ruzuku kwa kipimo kinachoitwa Normalstoss, yaani mnyama mmoja mkubwa kwa siku 100 mlimani, na kila malisho yana kiwango chake. Ukizidisha sana unakatwa, ukipunguza sana unakatwa pia. Vyama vingi hupokea ng'ombe wa nje kwa ada ili kufikia kiwango. Wakili atafurahi kwamba mgeni, angalau mwenye miguu minne, sasa anakaribishwa.

Adui mkubwa ni kichaka cha alda ya kijani. Kinapenda mteremko wenye unyevu, kinajitengenezea naitrojeni chenyewe, na kikishafunga hakuna majani chini yake. Ukikikata kinachipua shina kumi kwa moja. Ng'ombe hakigusi. Mbuzi anakigusa, na kuna kondoo wa asili wa Engadine anayependa gome lake: analimenya shina zima na kichaka kinakauka kimesimama. Wanaomtumia wanafungia kundi kwenye uzio mdogo wa umeme mpaka magome yamemenywa, ndipo wanahamisha uzio, na mwaka unaofuata wanarudia palepale, maana mizizi inajaribu tena.